Siku Tulipomhoji Nyanya Kuhusu Mikaratusi Yake

Nilikuwa kidato cha pili siku mwalimu wetu wa jiografia alipoingia darasani, akainua simu yake juu ili hata walioketi nyuma waione, akasema, "Hii ndiyo kamera yetu. Nani anataka kuwa mwandishi wa habari?"

Mikono mingi ilipanda, wangu ukiwemo. Sitajidai kwamba nilikuwa na ndoto ya uandishi. Madam, ndivyo tulivyomwita mwalimu huyo, alikuwa ametangaza kwamba chama hicho kitakutana Ijumaa alasiri, wakati ule ule wenzetu wanapopiga deki madarasa na kufyeka nyasi za uwanjani. Hilo lilinitosha. Lakini alipoeleza kwamba waandishi wa habari pia huandika, tena huandika na kufuta na kuandika upya, mikono ikaanza kushuka mmoja mmoja. Mwishowe tulibaki watatu: mimi, mvulana mmoja mrefu sana ambaye hakushusha mkono kwa sababu alikuwa amesinzia ukiwa juu, na msichana wa kutoka Marani aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake ili asome kwetu. Huyo wa Marani hakuogopa mtu wala daftari.

Shule yetu iko upande wa Ikonge, katikati ya mashamba ya chai, shule ya kutwa ya wavulana na wasichana. Madam alikuwa mgeni, mzaliwa wa Taita, na Kiswahili chake kilitutisha. Sisi nyumbani tulizungumza Ekegusii, getini tukapiga Sheng, na Kiswahili tulikiweka kwa ajili ya mtihani kama vile sahani za kioo zinavyowekewa wageni. Yeye alikitumia hata kuomba chaki. Wiki za kwanza tulinyamaza tu, tukiogopa kukosea mbele yake.

Alituambia kuna shindano la shule za Kisii na Nyamira. Kila shule itume ripoti fupi ya video kuhusu jambo la mazingira mahali inapokaa. Sisi tuliwaza makubwa. Mvulana mrefu alitaka twende tukapige picha kiwanda cha chai. Mimi nilitaka twende Kisii mjini, popote pale, mradi Kisii mjini. Madam alisema nauli haipo, kwa hiyo tukaenda sokoni Ikonge kwa miguu kuripoti kuhusu mifuko ya plastiki, ile ambayo serikali ilikwisha kuipiga marufuku na bado ikawa inazunguka kila mahali.

Tulimkuta mama mmoja anayeuza vitunguu. Alipoona simu imeelekezwa kwake, alikusanya rundo la mifuko iliyokuwa mbele yake, akaikalia.

"Nyinyi ni wa kaunti?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni wanafunzi."

"Kaunti siku hizi inatuma watoto?"

Tulimhakikishia tena na tena. Alipolainika kidogo akakubali kuhojiwa, lakini hakuinuka. "Mimi hiyo mifuko ya plastiki naichukia kabisa," alisema akitazama kamera kwa macho makavu. "Inaharibu mashamba. Inaua ng'ombe." Na kila aliposogea, mifuko ikasikika chini yake, kwaru, kwaru. Mvulana mrefu aling'ata mdomo hadi machozi yakamtoka.

Tuliporudi shuleni tulimwonyesha Madam, tukiwa na hakika ya ushindi. Alicheka, hilo nitamshuhudia, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaifuta ile video mbele yetu.

"Tumemcheka mtu," alisema. "Hatujaripoti chochote. Hebu niambieni, huko nyumbani kwenu watu wanagombania nini?"

Msichana wa Marani ndiye aliyejibu. "Maji, Madam. Shangazi na jirani yake hawasalimiani kwa sababu ya foleni kisimani."

Ilikuwa kweli. Kile tulichokiita kisima kilikuwa chemchemi chini ya kilima, karibu na shule, yenye bomba la chuma lililowekwa na wazee zamani. Watu wa pande zote walichota pale, na jikoni ya shule pia. Kipindi cha mvua hakuna aliyekumbuka kulalamika, na kwetu mvua ni nyingi, tena ya mawe mara kwa mara. Lakini Januari ile bomba lilikuwa linatoa maji membamba kama uzi. Mwalimu mkuu alikuwa ameagiza kila mwanafunzi aje na kidumu cha maji kutoka kwao ili wapishi wapate ya kupikia githeri.

Basi tukaenda kuanzia pale. Tulipiga picha foleni ya mitungi, tukapiga picha wasichana wadogo wakiwa wamekaa juu ya mitungi hiyo wakisukana nywele huku wakingoja. Kisha Madam akasema tupande mlima kidogo tuone kuna nini juu ya chemchemi. Tukapanda. Pale juu, kuanzia penye unyevunyevu mpaka kwenye mpaka wa shamba, palikuwa pamesimama safu ya mikaratusi, ile ambayo kwetu kila mtu huita blugamu, minene, mirefu, ikinukia vizuri. Chini yake hata nyasi hazikuwa zimeota.

Madam aliitazama muda. Tulikuwa tumesoma habari zake kwa mwalimu yule yule: ni miti yenye kiu kubwa, ikipandwa karibu na chemchemi hunyonya maji usiku na mchana.

"Ni ya nani hii?" akauliza.

Mvulana mrefu alitazama viatu vyake. Msichana wa Marani alinitazama mimi.

"Ya nyanya yangu," nikasema.

Wote wakaangua kicheko, na mimi pamoja nao, maana sikujua la kufanya lingine.

Nyanya yangu, mamake baba, alijulikana na watu wote wa kwetu. Watoto wa ukoo tulimwita magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa lugha yetu, lakini watu wazima walipunguza sauti walipokuwa wakimtaja. Alichuma chai mpaka magoti yakakataa, alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, na hakuna mkutano wa kijiji uliowahi kwisha kabla yeye hajasema. Nilipompelekea ujumbe kwamba mwalimu wangu angependa kumhoji kuhusu miti, alijibu, "Aje Jumapili."

Jumapili hiyo tulimkuta uani amevaa vazi lake la Sabato, lile ambalo kwa kawaida haliondoki sandukuni isipokuwa Jumamosi. Alikuwa amechemsha ndizi na kupika chai ya maziwa, na hapakuwa na maneno yoyote kabla ya kula. Tulipomaliza, alimgeukia Madam.

"Mwalimu, hii kitu itaonekana wapi?"

"Shuleni, mama. Na pengine Kisii."

"Kisii mjini?"

"Ndiyo."

"Basi ngoja." Akaingia ndani, akabadilisha kitambaa cha kichwa.

Nilianza kumuuliza kwa Ekegusii. Alinikatiza papo hapo. "Uliza kwa Kiswahili. Kisii mjini iko watu wa kila aina."

Basi tukaendelea kwa Kiswahili, changu cha shule na chake cha sokoni. Swali la kwanza alilitunga Madam, la kumfungua mdomo tu. "Nani alikufundisha kupenda miti?"

"Baba," alisema nyanya bila kufikiri. "Baba alikuwa anapanda miti akiwa amebeba mimi kwa mgongo."

Madam akaingilia kati, amependezwa. "Baba alikubeba mgongoni?"

"Sasa nani mwingine angenibeba? Akichoka anakaa chini ya mti, ananyonyesha mimi, halafu anaendelea."

Uso wa Madam siwezi kuusahau. Alitutazama sisi, akamtazama nyanya, akatutazama tena. Kwetu baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata, na nyanya, hata akizungumza Kiswahili, mama mzazi wake hakuwahi kumwita kwa jina jingine. Mvulana mrefu alicheka kimya kimya, mabega yakicheza, na ile sehemu ya video hadi leo inaonekana kama imepigwa wakati wa tetemeko la ardhi. Tulipomweleza Madam, yeye na nyanya wakacheka wakishikana mikono, na mimi nikaona mambo yanakwenda vyema.

Ndipo nikasoma swali la pili, ambalo msichana wa Marani aliliandika. "Je, unafahamu kwamba miti yako inakausha chemchemi ya jamii?"

Nyanya aliacha kucheka.

"Nani amesema?"

"Wataalamu wanasema kwamba..."

"Wataalamu gani? Wale waliniletea miche ndio walikuwa wataalamu. Walikuja na gari, wakasema, mama, panda hii, inakua haraka. Mimi nikapanda. Sasa wataalamu wengine wanakuja na simu." Akainyoosha fimbo yake kuelekea kilimani. "Hii miti ndio ilisomesha tata yako. Hii bati uko chini yake ni hii miti. Unakaa kwa kivuli yake, unaniita mwizi wa maji?"

"Sijasema mwizi, Nyanya."

"Umesema na Kiswahili ya shule. Lakini nimesikia." Akamgeukia mvulana mrefu. "Wewe, zima hiyo simu."

Aliizima haraka mpaka nusura aiangushe. Nyanya alitufungia ndizi mbivu za kubeba, kwa kuwa mgeni hatoki kwake mikono mitupu, akamuaga Madam kwa heshima zote. Mimi hakunitazama.

Habari zilinitangulia nyumbani. Wakati wa chakula baba yangu aliendelea kumega ugali wake bila kuinua macho, kisha akasema, "Nasikia ulienda kumshtaki mama yangu kwa simu."

Mama aliinuka akaenda kutafuta chumvi ambayo ilikuwa pale pale mezani.

"Tulikuwa tunamuuliza tu, Tata."

"Mm." Akala zaidi. "Na ni kweli?"

"Nini?"

"Kwamba ile miti inamaliza maji."

Nikamweleza nilivyofundishwa. Alisikiliza. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto, chini ya lile bomba palikuwa na kidimbwi cha kuogelea, na wavulana waliruka ndani kutoka kwenye jiwe. Sikuwahi kuona kidimbwi chochote pale; nilijua tope na kwato za ng'ombe. "Lakini usimwambie kwamba nimesema," aliongeza, na mama akarudi na chumvi.

Ijumaa tuliyokutana tena nilitaka tubadilishe mada kabisa. Nilikuwa nimechunguza nikaona kwamba tungeweza kuripoti kuhusu taka za sokoni bila kumgusa ndugu yangu yeyote. Msichana wa Marani alitaka tuendelee na picha tulizo nazo, tumwache nyanya kando.

"Ripoti ya upande mmoja ni umbea uliopigwa picha," alisema Madam. Kisha akanigeukia. "Wewe nenda kwake. Usibebe swali. Nenda tu ukamsaidie kazi."

Basi Jumapili nikaenda kumchumia chai. Alikuwa ameketi kwenye kiti mwisho wa shamba, akinielekeza kwa fimbo, majani mawili na chipukizi, usiniharibie kichaka. Tulifanya hivyo asubuhi nzima bila kutaja maji. Kapu lilipokaribia kujaa, yeye mwenyewe akasema kwa Ekegusii, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokuwapo, "Hayo maji. Yamepungua kweli?"

"Hujaona, Magokoro?"

"Nitaona wapi na magoti haya? Mimi nakunywa ya mvua, ya kwenye tangi."

Hapo ndipo nilipofahamu. Nyanya hakuwa ameteremka chemchemini kwa miaka mingi. Kilima kile kilikuwa kikali kwake, na tangi la bati lilimtosha. Katika mawazo yake bomba lilikuwa bado linatoka kwa nguvu kama alivyoliacha, na sisi tulikuwa watoto wa shule tu tunaomzushia maneno.

"Twende ukaone," nikasema.

Alisita, akatazama kilima, akaomba fimbo yake ya pili. Tulishuka polepole sana, mkono wake begani kwangu, tukipumzika kila penye kisiki. Kila tuliyekutana naye alishangaa kumwona njia ile, akageuka akatufuata, hivi kwamba tulipofika chini tulikuwa kama msafara wa harusi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walisimama kumsalimu. Yeye alisogea moja kwa moja mpaka penye bomba, akaweka kiganja chake chini ya ule uzi wa maji, akangoja kijae. Kilichukua muda.

Alipoyanywa, alifuta mkono kwenye leso, akaangalia juu, kwenye safu ya miti yake. Halafu akaangalia upande wa pili wa bonde. Huko nako palikuwa na mikaratusi, mingi kuliko yake, ikishuka hadi karibu na maji.

"Na ile ni ya nani?"

"Ya shule, Magokoro. Ya kuni za jikoni."

"Ah," akasema. Kona moja ya mdomo wake ikapanda. "Mwite yule mrefu. Aje na simu."

Mvulana mrefu hakuwa mbali. Kwao ni ng'ambo ya barabara. Madam, aliyeishi kwenye nyumba za walimu pale shuleni, alikuja naye mbio, amevaa malapa. Nyanya alisimama kando ya bomba na kueleza, kwa Kiswahili chake, jinsi mama mkwe wake alivyomleta pale akiwa bi harusi na kumwonyesha mahali pa kukanyaga ili asiteleze, kwa kuwa maji yalikuwa mengi. Alisema alipanda miti kwa nia njema na kwamba imemlea vizuri. Alisema pia leo ameyaona maji kwa macho yake na hayamfurahishi. Mwisho akanyoosha fimbo ng'ambo. "Ile pia piga. Usiache hata mti moja."

Hilo likaleta shida mpya, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa hajui kwamba yumo. Madam alisema ni lazima aione kabla ya mtu mwingine. Alimpelekea ofisini, sisi tukangoja nje kwenye veranda. Tulisikia sauti ya nyanya ikipita mlangoni, kimya, kisha sauti ya nyanya tena tangu mwanzo. Mwalimu mkuu alitoka akijikuna kidevu.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini hiyo sehemu ya shule, ni lazima?"

Madam alifungua mdomo, ila msichana wa Marani alimtangulia. "Mwalimu, tukiitoa, nyanya atauliza iko wapi."

Mwalimu mkuu aliwahi kukaa na nyanya katika kamati za kutosha. Aliwaza kidogo. "Ibaki," akasema.

Ilionyeshwa siku ya mkutano wa wazazi, bwaloni, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Nyanya aliketi mstari wa mbele kwa vazi lile lile alilovaa kwenye picha, jambo lililowachanganya watoto wadogo. Watu walicheka sana ilipofika habari ya baba aliyenyonyesha. Walimu waliotoka mikoa mingine ilibidi waelezwe na majirani zao. Kisha, wakati nyanya anatokea kwenye shuka akiwa amesimama kando ya bomba, mvua ya mawe ikaanza.

Anayejua bati anajua. Ilikuwa kama mtu amemwaga lori la kokoto juu yetu. Mdomo wa nyanya uliendelea kuchezacheza ukutani na hakuna aliyesikia hata silabi. Madam aliongeza sauti hadi mwisho, haikusaidia. Mvulana mrefu akawa anakimbia na spika huku na huku akiinua juu ya vichwa vya watu. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Nyanya akainuka. Aliikamata fimbo, akapanda jukwaani, akasimama kando ya picha yake mwenyewe, na kwa sauti ambayo haijawahi kuhitaji spika, akayasema yote upya. Bi harusi, mama mkwe, maji mengi, kiganja kisichojaa. Picha yake iliponyoosha fimbo, naye akanyoosha, ila picha ilinyoosha kwenye miti na yeye alinyoosha kwa mwalimu mkuu.

"Mimi nitakata yangu ile iko karibu na maji," alisema. "Nitakata nikiona shule imeshika panga. Tutakata siku moja. Sawa, mwalimu?"

Wazazi wote wakageuka. Mwalimu mkuu alikuwa na karatasi ya hotuba mkononi, akaikunja polepole akaitia mfukoni.

"Sawa, mama," akasema. Bwalo zima likapiga makofi, na kwa muda mfupi tukashindana na mvua.

Walikata kweli, siku moja, kama alivyotaka. Mbao zilipata wateja pale pale, na shule ikabaki na kuni za muhula mzima. Mahali pa mikaratusi tulipanda mianzi na miti ya kienyeji ambayo wazee walisema ilikuwapo zamani. Ningependa kuandika kwamba yote yalikwenda sawasawa. Mbuzi wa jirani walikula safu nzima ya mianzi kabla hatujazungusha ua, na visiki vya mikaratusi vilichipuka upya mara tu tulipovipa kisogo, ikabidi kila Ijumaa tupande na mapanga kuvifyeka. Kwa hiyo ule usafi wa Ijumaa nilioukimbia niliufanya maradufu, tena mlimani.

Shindano hatukushinda. Shule moja ya upande wa Nyaramba ilishinda kwa ripoti ya ufugaji wa nyuki, yenye picha nzuri mno hata mimi nilitaka kufuga nyuki. Maoni ya waamuzi kuhusu yetu yalikuwa kwamba hadithi ina uzito lakini picha inatikisika. Nyanya alisema waamuzi hao hawajui Kiswahili.

Maji hayakurudi kwa haraka. Kiangazi kilichofuata hatukuona tofauti kubwa, na wapo waliomnong'onia nyanya kwamba alikata mali yake bure. Kilichofuata hicho, bomba lilikuwa na maji ya unene wa kidole gumba wakati ambapo zamani lingekuwa linadondosha, na agizo la vidumu likasahaulika lenyewe bila mtu kulifuta. Shangazi wa msichana wa Marani na jirani yake walianza kusalimiana, ingawa kwa baridi. Baba yangu alikwenda kutazama Jumapili moja, akarudi na suruali iliyolowa hadi magotini, akakataa kueleza.

Siku hizi nasoma Kisii, masomo ya habari, na msichana wa Marani yuko chuo hicho hicho. Bado ndiye anayeandika maswali makali, na bado mimi ndiye ninayetumwa kuyasoma. Mvulana mrefu anapiga picha za harusi kuanzia Ikonge hadi Keroka, na mikono yake imetulia.

Madam alipewa uhamisho wa kurudi karibu na kwao. Siku ya kuondoka alikwenda kumuaga nyanya, na nyanya akamkabidhi jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Madam alieleza kwa adabu kwamba Taita ni mbali, kwamba atabadilisha basi Nairobi, kwamba konda hatakubali. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea yule jogoo ndani ya kikapu cha kuchumia chai, pamoja na mahindi ya njiani.

Siku mbili baadaye simu yangu ililia. Madam alikuwa ametuma video. Jogoo wa nyanya alikuwa amesimama juu ya ukuta wa mawe, nyuma yake milima mikavu ya Taita, akiwika kwa nguvu zake zote, na sauti ya Madam ikasikika nyuma ya kamera ikicheka, "Amewika tangu Narok mpaka Voi. Abiria wote sasa wanamjua nyanya yako." Nilimpelekea nyanya simu aone. Aliitazama, akaniambia nirudie, akaitazama tena akiwa ameishika karibu na uso.

"Amekonda kidogo," akasema. "Mwambie ampe mahindi."